Picha ya biashara Butembo, Beni na Masereka: namna ya kuifanya kazi ikulishe

Butembo ni mji uliojengwa na watu wanaojua kuhesabu. Mwenye depo ya saruji anaweza kukuambia mfuko mmoja umemgharimu kiasi gani tangu ulipovuka mpaka wa Kasindi: ushuru, lori, wabebaji, hata ule uliopasuka njiani. Muulize mpiga picha jirani yake anatoza ngapi, naye atakutazama usoni kwanza ndipo ataje namba. Hapo ndipo wengi wenye kipaji wanapokwama. Wanapiga picha nzuri, wanaonekana kwenye kila sherehe, lakini kamera ikiharibika hawana cha kununulia nyingine.

Makala haya yanamhusu kijana wa Butembo, Beni, Oicha, Lubero au Masereka aliye na kamera, au anayejikusanyia ya kwanza, na anayetaka kuishi kwa picha za biashara. Shauri letu kuu ni moja: kila jambo lihesabiwe na kuandikwa kabla ya picha kupigwa. Kamera nzuri husaidia, lakini anayedumu katika kazi hii ni yule anayejua bei yake, haki yake na mipaka yake.

Picha ya biashara ni ipi

Picha ya harusi au ya komunyo ya kwanza hununuliwa na mtu aiweke nyumbani kwake. Picha ya biashara hununuliwa ili iende kazini: iuze sabuni, ijaze vyumba vya hoteli, ilete wanafunzi shuleni, imshawishi mfadhili. Picha ya pakiti ya kahawa inaweza kuchapwa kwenye lebo elfu kumi, ikapandishwa kwenye bango la barabarani, ikatumwa kwa mnunuzi wa Ulaya, na bado ikatumika mwaka unaofuata. Mteja anafaidika kila inapotumika, kwa hiyo bei yake haiwezi kuwa sawa na bei ya picha ya albamu.

Tena haifanani na picha ya habari. Mwandishi wa habari hana ruhusa ya kupanga mambo mbele ya kamera; wewe unaweza kufuta vumbi, kusogeza kiti, kubadilisha kitambaa cha meza. Usichoruhusiwa ni kudanganya. Ukiipigia hoteli picha ya chumba kimoja chenye dirisha kubwa, huku vyumba vingine vyote ni vya giza, mgeni atakayefika atamlaumu mwenye hoteli, na mwenye hoteli atakulaumu wewe.

Wanunuzi wa picha wako wapi

Anza na wafanyabiashara wenyewe. Bidhaa za Butembo zinatoka mbali, Dubai na Guangzhou, zinashukia bandari ya Mombasa, zinapita Uganda na kuingilia Kasindi. Sehemu kubwa huuzwa tena kwa wateja walio mbali na mji, na wateja hao huomba picha kwenye WhatsApp kabla ya kutuma pesa. Mwenye duka la vitenge au vipuri vya pikipiki anahitaji picha safi, yenye rangi ya kweli, inayoonyesha ukubwa wa kitu. Kazi hiyo ni ndogo kwa bei lakini inarudi kila kontena jipya linapofika.

Wa pili ni kahawa na kakao. Miteremko ya Ruwenzori na eneo la Beni ni nchi ya mazao hayo, na vyama vya ushirika pamoja na makampuni yanayosafirisha nje yana wanunuzi wanaotaka kuona mambo kwa macho: mkulima mwenyewe, matunda mekundu ya kahawa, masanduku ya kuchachushia kakao, vitanda vya kuanikia. Hapa ujue hatua za kazi kabla hujaenda. Mpiga picha asiyejua kwamba kakao huchachushwa kwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa atafika siku ambayo hakuna cha kupiga.

Masereka, juu kwenye baridi ya Lubero, inajulikana kwa viazi na mboga zinazoshuka kwenda Butembo. Wauza mbegu, miradi ya kilimo na wanaofungasha mazao wanahitaji picha za shamba, na mpiga picha aliyezaliwa huko ana faida ambayo mgeni hana: anajua msimu, anajua njia, na anaongea Kinande na mama aliyeinama shambani.

Kuna pia taasisi. Shule na vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilichofunguliwa Butembo mwaka 1989, vinahitaji picha za vipeperushi na za siku ya kutoa shahada. Parokia, hospitali na hoteli zina mahitaji yao. Mashirika ya misaada hununua picha za ripoti. Tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini imehamishia makao yake ya muda Beni, na kazi nyingi za ofisi zilizokuwa zikiishia Goma sasa zinapita huko.

Vifaa: nunua kwa mpangilio

Usianze kwa kukopa. Seti ya kwanza ya kazi ni kamera moja inayobadilisha lenzi, hata iliyotumika, lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana, ambayo ni nafuu na inafaa watu na bidhaa, stendi imara ya miguu mitatu, betri mbili, kadi za kumbukumbu mbili au zaidi, na kompyuta inayoweza kusafisha picha. Flashi inakuja baada ya hapo, kabla ya lenzi ndefu.

Simu nzuri inatosha kwa picha za WhatsApp na mitandao ya kijamii. Inaanza kushindwa mteja anapotaka bango au kitabu. Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, unahitaji picha yenye nukta 2,480 kwa 3,508, na ziwe nukta safi. Picha iliyopita kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa na haifai tena kwa kiwanda cha uchapaji. Ukilazimika kupitia huko, itume kama dokumenti.

Ukinunua kamera Kampala au ukiagizia Dubai, tunza risiti yenye namba ya kifaa. Ukivuka kwenda Uganda kwa kazi, beba nakala ya risiti hiyo na utangaze kamera yako forodhani kabla ya kutoka, ili siku ya kurudi usitozwe ushuru kama mtu anayeingiza kifaa kipya.

Adui wawili wa vifaa katika nchi yetu ni vumbi jekundu na umeme usioaminika. Kiangazi vumbi la barabara linaingia mahali pote. Badilisha lenzi ndani ya gari au nyumba, huku mdomo wa kamera ukitazama chini. Wakati wa mvua, na hasa ukienda Masereka kwa pikipiki, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuitia begini. Ukitoka kwenye baridi ya mlimani na kushukia joto la Beni, acha begi limefungwa mpaka kamera izoee, ama sivyo umande utajikusanya ndani ya lenzi. Kompyuta iunganishwe kwa kidhibiti cha umeme, na chaja zipate nguvu kutoka sola au betri, wala usiziamini moja kwa moja kwa jenereta inayopandisha na kushusha nguvu.

Mwanga wa ikweta

Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Maana yake kwa mpiga picha ni rahisi: jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na adhuhuri linasimama utosini. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana linachimba vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua. Watu wapigwe asubuhi mapema au kuanzia saa kumi. Mteja akikulazimisha saa sita, mpeleke chini ya baraza au upande wa jengo wenye kivuli, umgeuze atazame kule kwenye mwanga. Ukungu wa asubuhi wa Butembo, ambao wengi huusubiri uondoke, ni mwanga laini wa bure.

Kuhusu ngozi nyeusi, pima mwanga usoni. Bibi harusi au mwanafunzi aliyevaa nyeupe huidanganya kamera. Inaona weupe, inapunguza mwanga, na uso unazama. Tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilisawazishwa kwa kutumia picha za wanawake weupe, na Kodak ilisukumwa kuboresha rangi za kahawia pia na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilitoka bila tofauti za rangi. Kakao na mbao ni bidhaa za Beni pia. Ukizipiga picha, kumbuka kwamba rangi ya kahawia ina ngazi nyingi, na mnunuzi anataka kuziona zote.

Sasa tuchukue kazi moja tuifanye mpaka mwisho: pakiti ya kahawa ya gramu 500, ya plastiki inayong'aa. Weka meza kando ya dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Pazia la dirisha liwe kitambaa cheupe chepesi au karatasi ya kalki, mwanga utawanyike. Tandaza karatasi kubwa nyeupe iliyopinda kutoka ukutani hadi mezani, pasionekane kona. Upande wa pili wa pakiti, mkabala na dirisha, simamisha kadi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Ukiona kingo za pakiti zinapotea kwenye weupe wa nyuma, weka vipande viwili vya kadi nyeusi pembeni, nje kidogo ya picha, na mstari wa ukingo utajitokeza.

Futa pakiti kwa kitambaa kikavu. Jaza ndani karatasi kidogo isimame wima bila mikunjo. Kamera iwe kwenye stendi, sawa na katikati ya pakiti, hisia ya mwanga (ISO) 100, tundu f/8, na utumie kipima saa cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kitu. Zima taa ya chumbani, kwa sababu rangi yake ya njano itapigana na ya dirisha. Piga kwanza picha moja yenye karatasi nyeupe mbele ya pakiti. Ndiyo itakayokusaidia kurekebisha rangi kwenye kompyuta. Halafu piga mbele, pembeni, nyuma panaposomeka maandishi, na moja yenye punje za kahawa mkononi mwa mtu ili ukubwa ueleweke. Ukishazoea mpangilio huu, bidhaa nyingine zitakwenda haraka, kwa kuwa unabadilisha kitu tu na kuacha kila kingine mahali pake.

Bei: hesabu kabla ya kuulizwa

Bei inaanzia kwenye matumizi yako. Tuchukue mfano wa kubuni, wewe utaweka namba zako. Tuseme vifaa vyote vimekugharimu dola 1,800 na unategemea vidumu miaka 3: hiyo ni dola 50 kwa mwezi. Chumba cha kazi dola 50, umeme na intaneti 30, usafiri 30, patanti na kodi 10, akiba ya matengenezo 30, na chakula, kodi ya nyumba na familia 300. Jumla dola 500 kwa mwezi.

Swali linalofuata ndilo linalosahaulika: kwa mwezi unapata siku ngapi za kupiga picha zinazolipwa? Haziwezi kuwa 30. Kuna siku za kutafuta wateja, siku za kusafisha picha, siku za kupeleka kazi na kufuatilia malipo, na siku ambazo barabara imefungwa. Tuseme siku 10. Gawanya 500 kwa 10: kila siku ya kazi inakugharimu dola 50 kabla hujapata faida yoyote. Ukitoza 30, unamlipa mteja ili akubali picha zako.

Juu ya gharama hiyo ongeza faida, kisha ongeza thamani ya matumizi. Picha ya kuwekwa kwenye WhatsApp ya duka kwa miezi mitatu ni bei moja. Picha hiyohiyo kwenye lebo, au kwenye bango la mjini kwa mwaka mzima, ni bei nyingine. Mteja ataelewa ukimweleza kwa lugha yake ya biashara, maana hata yeye hauzi gunia kwa bei ya kilo.

Kubaliana mapema kuhusu sarafu. Kazi kubwa hutajwa kwa dola, ndogo kwa franka, na kiwango cha kubadilishia kinaweza kuhama kati ya siku ya makubaliano na siku ya malipo; kiandikwe. Malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yana makato ya kutolea pesa. Sema ni ya nani.

Karatasi moja inatosha

Wapiga picha wengi huogopa kumpa mteja karatasi, hasa mteja aliyewazidi umri. Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

"Mwanangu, ni picha za saa moja tu, mbona unaniletea karatasi kama mtu wa kodi?"

"Papa, karatasi hii inakulinda wewe kwanza. Imeandikwa nitakuletea picha 20 siku ya Ijumaa, na kwamba picha za bidhaa zako sitampa mwenye duka mwingine."

"Na nikitaka kuitia moja kwenye bango kule Beni?"

"Tuiandike hapa hapa, Papa. Bango moja, miezi 6, na bei yake hii."

Karatasi hiyo iwe na mambo haya, kwa Kiswahili au Kifaransa, kila upande ubaki na nakala yenye sahihi:

- Majina ya pande mbili na namba za simu.
- Kazi yenyewe: mahali, siku, saa, na idadi ya picha zitakazotolewa zikiwa zimesafishwa.
- Bei, sarafu, na avansi. Nusu ya bei kabla ya kuanza ni kawaida nzuri.
- Matumizi: picha zitatumika wapi na kwa muda gani.
- Marekebisho mangapi yamo ndani ya bei.
- Siku ya kupokea kazi na siku ya kumaliza kulipa.
- Nini kitafanyika kazi ikiahirishwa kwa mvua, ugonjwa au usalama. Siku mpya bila gharama ni haki. Kuvunja kazi bila sababu, avansi hairudi.

Mteja asiye na muda wa kusaini anaweza kujibu ujumbe wa WhatsApp wenye mambo hayohayo kwa neno "nakubali". Ujumbe huo uutunze.

Haki yako na haki ya aliye kwenye picha

Nchini Kongo haki za mtunzi zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, na picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa. Chama kinachosimamia haki za watunzi ni SOCODA, kilichoundwa mwaka 2011. Mteja akilipia picha amelipia matumizi mliyokubaliana. Akitaka haki zote, awe peke yake na milele, hilo liandikwe wazi na liwe na bei yake.

Upande wa pili ni wa mtu aliyepigwa. Uso wa mkulima wa Masereka kwenye mfuko wa mbolea ni mali inayouza mbolea. Ana haki ya kuulizwa, kuelezwa picha itaonekana wapi, na kukataa. Tumia karatasi fupi ya idhini yenye jina, matumizi na sahihi au alama ya kidole. Asiyesoma asomewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi. Ni vyema mteja amlipe mtu huyo kitu, na kiasi kitajwe kabla ya kupiga. Kanuni mpya ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, nayo ina vifungu vya kulinda taarifa binafsi. Jina, uso na mahali anapoishi mtu si vitu vya kumwaga mtandaoni.

Kwa mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18 kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, idhini itoke kwa mzazi au mlezi. Shuleni, ruhusa ya mkurugenzi pekee haitoshi kwa picha ya tangazo.

Kuwa mwangalifu zaidi kwa mgonjwa, mkimbizi na aliyenusurika ukatili. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu wa Beni na Butembo waliona kamera nyingi zikifuata wagonjwa na mazishi, na wengi hawakujua picha hizo zilikwenda wapi. Shirika likikutuma kambini, omba kanuni zake za picha kwa maandishi. Usimpige mtu kwa namna inayoweza kumtambulisha kwa waliomkimbiza, na uzime kipengele cha kamera au simu kinachoandika mahali picha ilipopigwa.

Kujiandikisha

Anayeanza anaweza kufanya kazi kwa patanti kutoka utawala wa mahali. Ukitaka kazi za mashirika na makampuni, utaombwa namba ya RCCM, yaani daftari la biashara, namba ya utambulisho wa taifa na namba ya mlipa kodi kutoka DGI, yaani idara ya kodi, pamoja na akaunti ya benki. Bila hizo, kazi yako nzuri itapewa mtu mwenye makaratasi, naye atakuajiri wewe kwa bei ndogo.

Kongo iliingia katika sheria za biashara za OHADA, zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, mwezi Septemba 2012. Sheria hizo zina nafasi ya mjasiriamali mdogo anayefanya kazi peke yake: badala ya kuandikishwa kama mfanyabiashara kamili, anatoa tamko tu, kwa utaratibu ulio mwepesi. Uliza kwenye Guichet Unique, ofisi ya kuanzishia biashara, au kwa karani wa mahakama anayetunza daftari hilo. Kodi uliza DGI wenyewe, na kila franka unayolipa udai risiti yenye muhuri. Faili la risiti hizo lina thamani siku wakaguzi wanapobisha hodi.

Usalama kazini

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na jeshi ndilo lenye neno la mwisho. Kamera kubwa inavuta macho. Usipige wanajeshi, vizuizi, kambi, daraja lenye ulinzi, mpaka wa Kasindi, wala viwanja vya ndege vya Mavivi na Rughenda, hata kama viko nyuma tu ya bidhaa yako. Ukifanya kazi barabarani, mjulishe kwanza mkubwa wa kartiye na ubebe barua ya mteja yenye muhuri inayotaja kazi, mahali na siku.

Ndege ndogo isiyo na rubani inahitaji ruhusa ya mamlaka ya anga, na hapa kwetu ya jeshi pia. Katika nchi inayosikia mlio huo na kufikiria shambulio, kuirusha bila ruhusa kunaweza kukugharimu uhai. Ndani ya Mbuga ya Virunga, picha za biashara zinahitaji idhini ya ICCN, taasisi inayosimamia mbuga za taifa.

Kabla ya kutoka kwenda Mbau, Mutwanga au kusini mwa Lubero, uliza madereva wa siku hiyo, wala usitegemee habari za jana. Mwachie mtu nyumbani njia unayopita na saa ya kurudi. Usilale njiani kwa ajili ya mwanga mzuri wa asubuhi.

Tunza faili kama mtaji

Kila kazi iwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu mahali pengine kabisa, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto wa soko, wizi au kukimbia ghafla haviachi nafasi ya kuchagua. Usifute kadi kabla ya nakala ya pili. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi na siku, yafuatiwe na jina la mteja.

Kazi iliyotunzwa inaendelea kuuzika. Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930. Negativu alizozihifadhi ziliendelea kuchapwa na kuuzwa dukani na mwanawe miongo mingi baadaye. Picha ya leo ya soko la Butembo au ya shamba la Masereka inaweza kuombwa tena na mchapaji wa vitabu, chuo au ukoo, na atakayelipwa ni yule anayeweza kuipata.

Kujifunza na kuonekana

Huhitaji kuhamia Kinshasa. Goma imetoa wapiga picha waliofika mbali, kama Ley Uwera, Arlette Bashizi, Guerchom Ndebo na Moses Sawasawa. Pamela Tulizo, wa Goma pia, alishinda tuzo ya Dior ya wapiga picha chipukizi mwaka 2020. Mwaka huohuo mradi wa Congo in Conversation, ulioongozwa na mpiga picha Finbarr O'Reilly, ulikusanya kazi za wapiga picha Wakongo wakati mipaka imefungwa kwa sababu ya korona. Tazama kazi zao uone wanavyosubiri mwanga na wanavyomkaribia mtu.

Kwa wateja, andaa picha 15 tu, zote za aina ya kazi unayotaka kuajiriwa. Mwenye hoteli hataki kuona harusi. Ukikosa kazi ya kuonyesha, chagua fundi wa samani au mama anayetengeneza sabuni, mpigie picha za bidhaa kwa makubaliano ya maandishi, hata kama bei ni ndogo. Bei hiyo iitwe ya utangulizi kwenye karatasi, ikae kando ya bei kamili, ili mara ya pili asishangae.

Mteja asipolipa

Toa kwanza picha ndogo zenye jina lako juu yake kwa ajili ya kuchagua. Picha kubwa zitoke malipo yakishakamilika. Hii peke yake inazuia kesi nyingi. Akichelewa, mtumie fakture yenye tarehe, kisha ujumbe wa ukumbusho baada ya wiki, kwa adabu na bila kumtangaza mtandaoni. Kumwaibisha mtu hadharani kunaweza kukugeuza wewe mshtakiwa.

Asipojibu, mtafute mtu anayemheshimu: mzee wa ukoo, mkubwa wa kartiye, kiongozi wa chama chao cha wafanyabiashara. Butembo mambo mengi ya pesa humalizwa hivyo, kwa sababu jina la mfanyabiashara ndilo mkopo wake. Ikishindikana, kuna mahakama ya amani. Kote huko, kwa mzee au kwa hakimu, utaulizwa jambo moja: mlikubaliana nini? Ukiwa na karatasi yenye sahihi, risiti ya avansi na ujumbe wa siku uliyopeleka kazi, jibu unalo mkononi.